Hatulii Wapi, Hatulii Lini

Daftari lilirudi nyumbani na wino mwekundu: "Hatulii. Anasumbua wenzake. Mzazi afike shuleni." Dada yangu alilifungua juu ya mkeka, barazani kwake Makorora, Tanga, akanisogezea bila kusema neno. Mwenye daftari, mpwa wangu wa miaka minane, alikuwa uani anafungua feni mbovu ya bibi yake kwa kisu cha mezani. Hakuna aliyemtuma.

Ulikuwa wito wa tatu muhula ule. Nilipogeuza kurasa nikaona kitu ambacho wino mwekundu haukukitaja: hesabu kumi za siku ile, zote zimepigwa vema. Alizimaliza, akazipata, ndipo akaanza kusumbua wenzake.

Kabla ya magharibi kila aliyekaa pale barazani alikuwa amekwisha kumpa mtoto jina. Jirani alishauri apelekwe akasomewe, maana huenda kuna kitu kimemwingia. Baba yake alisema bakora imepungua. Samaki hukunjwa angali mbichi. Mwalimu wake, tulipompigia simu, alituambia kwa upole kwamba amesoma habari za ugonjwa unaoitwa ADHD na dalili zote anaziona kwa mtoto huyu. Bibi yake akakataa katakata: "Huyo si mgonjwa. Akili zinamchemka, hazijapata pa kumwagikia."

Mimi nilikuwa upande wa bibi, na nilikuwa na ushahidi. Kila alasiri mpwa wangu huenda chuoni, kama tunavyoiita madrasa huku pwani, na tangu aanze Maalim wake hajawahi kuleta lalamiko hata moja. Amewapita waliomtangulia kwa mwaka mzima. Nikasema, mtoto mwenye maradhi ya kutotulia angewezaje kukaa na juzuu mapajani? Basi tatizo liko shuleni, kwenye darasa la watoto 94 na mwalimu mmoja, haliko kichwani mwake. Nilipoondoka Tanga nilikuwa nimeridhika na hukumu yangu. Miezi miwili baadaye Maalim huyohuyo aliivunja, na nitafika hapo.

Tuanze na jina lenyewe. ADHD kwa Kiswahili chepesi ni tatizo la kukosa umakini na kutotulia, na halikuletwa na simu za mkononi. Miaka ya 1840 daktari wa Kijerumani, Heinrich Hoffmann wa Frankfurt, alichapisha kitabu cha watoto ambamo kuna kijana anayejitikisa kitini mpaka anaanguka na kitambaa cha meza na chakula chote. Mwaka 1902 daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wenye akili timamu ambao hata hivyo hawakuweza kujizuia. Leo inakadiriwa kwamba tatizo hili linawagusa watoto 5 hivi katika kila 100 duniani, na lina tabia ya kufuata ukoo.

Masharti ya kumpa mtoto jina hilo yameandikwa wazi. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la mwaka 2013, una dalili 18: tisa za kukosa umakini, na tisa za kutotulia na kukurupuka. Mtoto awe na dalili zisizopungua 6 katika kundi mojawapo, zidumu miezi 6 au zaidi, baadhi ziwe zilionekana kabla hajafika miaka 12, zionekane mahali pawili au zaidi, na ziwe zinamharibia masomo, urafiki au maisha ya nyumbani. Tena pasiwe na sababu nyingine inayozieleza vizuri zaidi. Tukiisoma orodha hiyo kwenye simu, wengi wetu tunahesabu dalili na kuishia hapo. Masharti yanayofuata ndiyo yenye kazi, na katika hayo hili la mahali pawili ndilo ningependa kila mzazi na kila mwalimu alishike.

Mwongozo ule ulipoandikwa, mahali pawili palipofikiriwa kwanza ni nyumbani na shuleni. Mtoto wa Tanga, Mombasa au Unguja ana mahali pengi zaidi. Ana shule, ana chuo, ana tuisheni ya jioni, ana uwanja wa mpira, ana duka anakotumwa sukari, ana kwa bibi. Kila mahali pana mtu mzima anayemfahamu kwa sura nyingine. Kama ni moto shuleni lakini kwingine kote anamaliza alichoanza na anakumbuka alichotumwa, cha kuchunguzwa kwanza ni ile shule. Kama vurugu ileile inamfuata hadi uwanjani, wenzake wakawa hawamtaki golini kwa sababu anasahau kwamba mchezo unaendelea, hapo tunazungumza habari nyingine. Ni hazina ya mashahidi tuliyonayo na hatuitumii. Wanaoitwa kikaoni ni mzazi na mwalimu wa darasa tu.

Naye mtoto mwenye kipaji ana vurugu zake. Leta Hollingworth, mwanasaikolojia aliyewafundisha na kuwachunguza watoto wa aina hiyo mjini New York mpaka alipofariki mwaka 1939, alieleza kwamba mtoto mwenye kipimo cha akili cha 140 hupoteza nusu ya muda wake katika darasa la kawaida, na yule wa zaidi ya 170 hupoteza karibu muda wote. Anangoja. Anangoja wenzake wamalize kunakili ubaoni, anangoja mwalimu arudie mara ya nne alichokielewa mara ya kwanza. Mtoto wa miaka minane akingojeshwa saa tano kwa siku atafanya nini? Atachora pembezoni mwa daftari, atamchokoza wa mbele yake, atauliza swali lisilo la somo lile. Siku nyingine atamsahihisha mwalimu, na huku kwetu hilo peke yake linatosha kumtangaza mjeuri mwenye kimbelembele.

Mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, James Webb, mwaka 1981 alianzisha shirika la kuwasaidia watoto wenye vipaji na wazazi wao. Mwaka 2005 yeye na wenzake walitoa kitabu kizima kuhusu watoto hao wanavyobandikwa maradhi wasiyokuwa nayo, na pia, jambo ambalo mashabiki wake husahau, wanavyonyimwa jina la maradhi waliyonayo kweli. Kutokana na kazi za watu kama hawa, na kwa kukaa na walimu wenye uzoefu, nimejifunza kutazama mambo ambayo orodha ya dalili haiyaulizi.

Tazama akikatizwa. Mtoto aliyezama katika kazi kwa sababu ya akili yake, ukimwita mara moja aje kula, baada ya chakula huirudia kazi palepale alipoiacha. Mwenye tatizo la umakini mara nyingi uzi umekwisha kumkatikia. Anazungukazunguka, anaanza kitu kingine. Tazama anavyovunja sheria. Mmoja anaihoji: kwa nini tupange mstari ilhali mlango uko wazi? Mwingine anaikubali sheria, ataisema hata kwa moyo, na dakika mbili baadaye ameivunja, mwenyewe amepigwa na butwaa. Sikiliza anapojibu bila kuulizwa. Je, jibu ni sahihi, au limetoka kabla swali halijaisha na halihusiani nalo?

Hakuna hata moja kati ya alama hizi inayotosha peke yake, na iko moja inayotumiwa sana ambayo ni ya uongo kabisa. Utasikia: "Mbona mpira wa kwenye televisheni anatazama saa mbili bila kupepesa? Huyo hana tatizo la umakini." Mtoto mwenye ADHD anaweza kuzama, tena kwa kina kuliko wenzake, katika jambo linalompa raha au zawadi papo hapo. Kinachomshinda ni kuuelekeza umakini kule anakotakiwa, wakati jambo lenyewe halina mvuto. Michezo ya simu haithibitishi chochote.

Vilevile dawa. Wapo wanaosema mpe dawa tuone. Akitulia, basi alikuwa mgonjwa. Mwaka 1978 daktari Judith Rapoport na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwapa wavulana wasio na tatizo lolote dawa ya jamii ileile. Nao wakatulia, nao umakini wao ukaongezeka. Kutulia kwa dawa si kipimo. Kwa mtoto aliyepimwa vizuri dawa hizi zinasaidia sana, nami sipendi zinavyotangaziwa sifa ya sumu. Ila ni dawa za daktari bingwa, si za kujaribia.

Halafu kuna umri. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, watoto wote waliozaliwa kati ya Januari na Desemba ya mwaka mmoja huanza shule pamoja. Watafiti walifuatilia rekodi za watoto karibu 938,000, na mwaka 2012 wakaonyesha kwamba wavulana waliozaliwa Desemba walikuwa na uwezekano wa asilimia 30 zaidi wa kuambiwa wana ADHD kuliko waliozaliwa Januari. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 70. Mwezi wa kuzaliwa hauleti maradhi. Kilichotokea ni kwamba mtoto mdogo alipimwa kwa utulivu wa mkubwa wake. Sasa fikiria tunavyofanya sisi kwa mtoto mwepesi wa kusoma: tunamrusha darasa. Ana miaka sita, amekaa na wa miaka minane, anasoma kuwashinda, ila kukaa kitini anakaa kama mtoto wa miaka sita, maana ndivyo alivyo. Akili imekwenda mbele, mwili na subira vimebaki kwenye umri wake. Mwalimu asiyejua kwamba amerushwa ataona mkorofi.

Na kabla ya yote hayo kuna mwili. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Jijini Dar es Salaam nawaona watoto barabarani saa kumi na moja alfajiri wakisubiri basi la shule, na najua walilala saa nne usiku baada ya kazi za tuisheni. Hizo ni saa saba hata hazijatimia. Mtoto mkubwa asiyelala husinzia. Mdogo mara nyingi hupandwa na wazimu wa kurukaruka. Wengine wanalala saa za kutosha lakini wanakoroma kwa sababu ya nyama za puani, na usingizi wao umekatikakatika usiku kucha. Wapo waliowahi kutoka usaha masikioni na hawasikii vizuri kutoka dawati la nyuma. Wapo wenye upungufu wa damu. Wapo wenye kifafa kile cha kuduwaa, kisichoangusha wala kutoa povu: mtoto anakodoa macho sekunde kumi, anarudi, na mwalimu anaandika "anaota ndoto za mchana". Iko pia malaria iliyopanda kichwani. Utafiti wa Hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba miaka miwili baada ya kupona, karibu mtoto 1 kati ya 4 alikuwa amebaki na upungufu katika uwezo wa akili, na umakini ndio ulioguswa zaidi. Daktari anayeanza na dodoso la ADHD bila kuuliza kama mtoto aliwahi kulazwa kwa degedege au malaria kali ameanzia katikati.

Upande wa pili, nani anatuambia kwamba mtoto ana kipaji? Tanzania ina shule za sekondari za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora, Kilakala, Msalato. Zimetoa watu wa maana, na nani asiyetamani mwanawe aende huko. Lakini mlango wake ni alama za mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mtoto mwenye akili kali na umakini mbovu, anayeruka swali la kumi na saba kwa sababu hakuliona, hafiki mlangoni. Hata wanaopima akili kwa vipimo maalumu hukosea. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza mwaka 1921 kuwasaka watoto wenye akili za ajabu California. Wawili waliopimwa wakaachwa, William Shockley na Luis Alvarez, baadaye walitwaa Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwingine mwaka 1968. Katika watoto aliowachagua, hakuna aliyeipata.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ulifanywa karibu na nyumbani. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliwapima watoto zaidi ya 400 wa shule za msingi Bagamoyo, na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Waliwapa mafumbo ya kupanga kadi, ya mantiki na ya kubahatisha kwa maswali. Kisha, kwa muda usiofika saa moja, wakawafundisha baadhi yao namna ya kuyaendea mafumbo hayo, wakawapima tena. Alama zikapanda, na wale waliong'ara mara ya pili hawakuwa lazima wale wa mara ya kwanza. Kipimo cha mara moja kilikuwa kimepima nani amezoea vipimo. Ningefurahi kuona utaratibu huo katika kila kituo cha kuchunguza watoto: mpime, mfundishe kidogo, mpime tena, umwone akijifunza.

Sasa bakora. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara kanuni bado zinaviruhusu, visizidi vinne, kwa kosa kubwa na kwa idhini ya mkuu wa shule. Sote tunajua kinachotendeka kati ya kanuni na darasa. Kaka yetu mkubwa alichapwa kwa kusahau. Alisahau kalamu, alisahau kuleta fagio, alisahau kwamba ameambiwa asizungumze. Shule aliyosoma siitaji, wala mwalimu wake, walifanya walichojua. Lakini alikuwa mtoto ambaye akiwa na miaka kumi alitengeneza redio ya mbao ikashika Mombasa, na darasa la tano aliacha shule kwa sababu, alivyomwambia mama, mgongo umechoka. Leo ni fundi redio Ngamiani, hukohuko Tanga. Watu wanasema hana mfano kwa kugundua ugonjwa wa redio. Wanasema pia usimwachie yako kama una haraka. Rafu zake zimejaa redio zilizofunguliwa, zikagunduliwa ubovu wake, zikaachwa.

Niliporudi Tanga baada ya miezi miwili, nilikwenda kumsalimu Maalim. Nilikwenda kuchukua ushahidi wangu, nikidhani utaniunga mkono. Baada ya kuulizana hali nikamwomba anieleze mpwa wangu anakaaje darasani kwake.

"Akiwa mbele yangu, mimi na yeye, ni simba," alisema. "Anashika aya tatu wenzake wanaposhika moja. Nikimgeukia mwingine, hayupo tena. Anahesabu mbao za dari. Mashafu anaisahau hapa kila wiki, na viatu mara mbili ameondoka bila navyo."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kutuambia.

"Somo halimpiti, mwanangu. Ningelalamika nini?"

Nilikaa kimya. Chuoni kila mtoto husoma mahali pake, kwa mwendo wake, na zamu yake ikifika anakaa uso kwa uso na mwalimu. Kwa mtoto mwenye kipaji hiyo ni pepo, kwa kuwa hangoji mtu. Kwa mtoto mwenye ADHD nayo ni pepo, kwa kuwa macho ya mwalimu ndiyo yanayomshikilia. Utulivu wake ulikuwa na maelezo mawili, na mimi nilichagua lile nililolitaka.

Dada yangu alikuwa ameanza daftari lake mwenyewe. Si la dalili. Alichora mistari: wapi, saa ngapi, alikuwa akifanya nini, nani alikuwepo. Tulilisoma pamoja kurasa za wiki sita. Shuleni, vurugu karibu zote zilikuja baada ya kumaliza kazi, na siku ambazo mwalimu alimpa hesabu za darasa la juu hakukuwa na wino mwekundu. Bibi alikuwa sahihi. Lakini kurasa za nyumbani zilisema jingine. Ametumwa unga, amerudi na kiberiti, chenji imebaki dukani. Ameitwa kula akiwa katikati ya jambo alipendalo, na hakulirudia. Feni ya bibi ilikuwa bado uani, vipande vipande, chini ya gunia. Na mwalimu naye alikuwa sahihi.

Daktari wa watoto alipima masikio, akauliza usingizi, akauliza degedege, akauliza malaria, akasoma daftari la dada ukurasa kwa ukurasa kabla hajatoa dodoso lake. Kisha akasema kuna yote mawili, na kwamba kipaji ndicho kilichokuwa kikificha maradhi: alikuwa akisahau nusu ya somo na kuibuni upya kwa akili yake. Akasema wasisubiri mpaka darasa la sita ambapo kubuni hakutatosha. Ya dawa bado wanazungumza. Kilichobadilika ni dawati la mbele, kazi iliyokatwa vipande, hesabu za ziada zinazomngoja mezani kwa mwalimu, na bakora iliyotundikwa.

Ijumaa iliyofuata kaka alikuja kwa dada, kama kawaida yake baada ya sala. Alimkuta mtoto uani, akamuuliza kila skrubu ya feni ilitoka wapi, wakaanza kuifunga wote wawili. Baadaye akaingia barazani, akaliona dodoso la daktari juu ya mkeka, akalichukua. Alisoma dalili zote 18, polepole, kidole kikifuata mstari. Alipomaliza alilikunja, akanitazama, akaniuliza kama kuna umri ambao mtu akifika hawezi tena kupimwa.

Nikamwambia hakuna.